Monita ya wanangu imebaki nyeusi

SWALI: Shikamoo fundi. Wanangu mapacha wana PS4 Slim, mashine ya gemu waliyoletewa na mjomba wao. Kila ikifika saa mbili usiku ni ugomvi sebuleni: baba yao anataka taarifa ya habari, wao wanataka mpira wa gemu. Nikawanunulia monita iliyotumika ya inchi 19, ile ya karibu mraba, kwa shilingi 40,000. Nyuma ina tundu la bluu na jingine jeupe, pana. Nimechomeka waya wenye HDMI huku na VGA kule, lakini kioo ni cheusi, kinaandika "No Signal". Nimeuziwa kibovu?
Mama Mapacha, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Monita yako huenda ni nzima. Mwenye makosa ni waya. HDMI hutoa picha ya kidijitali, ila lile tundu la bluu, yaani VGA, linapokea ya analogi. Waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine. Lazima katikati pawe na chipu. Nami niliwahi kuununua waya kama huo, na ufundi wangu wote!

Tundu jeupe ni DVI. Hilo linaelewana na HDMI bila chipu, kwa waya wa bei ndogo, na picha yake ni kali zaidi. Taabu ni sauti: DVI ya monita kuukuu haina, na PS4 Slim haina tundu la sauti la optiki. Itabidi spika zichomekwe kwenye pedi ya kuchezea, na mtoto mwenye goli akiruka, spika zinaruka naye.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningenunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye tundu dogo la sauti pembeni na kijiwaya cha USB cha umeme. Usikubali kisicho na hicho kijiwaya. Umeme wa HDMI ni kidogo na picha inaweza kuwa inakatikakatika.

Kabla ya kuhamisha, unganisha PS4 kwenye TV, ingia Settings, Sound and Screen, halafu Video Output Settings, uweke 720p, yaani picha ya ukubwa wa chini. Monita nyingi za umbo hilo zina nukta 1280 kwa 1024, na 1080p, iliyo kubwa zaidi, zinaikataa. Wachezaji wakionekana warefu waliokonda, tafuta kwenye menyu ya monita yenyewe palipoandikwa "Aspect". Zisizo nayo, watoto watazoea.

Jirani akikushauri utumie laptopu badala ya monita, mkatalie. Tundu lake la HDMI, karibu kwa zote, hutoa picha, halipokei.

PS4 Slim ina matundu mawili tu ya USB. Kigeuzi kikichukua moja, pedi ya pili ichajiwe kwa chaja ya simu.