Mnauliza, Tunajibu: Ghala Kuukuu la Bandarini Kigoma

SWALI: Kikundi chetu kinataka kukodi ghala kuukuu karibu na bandari. Wazee wanasema ni la Mjerumani, wengine wanaliita gofu, libomolewe tu. Tutajuaje kama lina thamani ya kihistoria?
*Msomaji, Mwanga*

JIBU: Anzieni kwenye reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo biashara kubwa ilikuwa Ujiji. Mjerumani alifukuzwa mwaka 1916, akaingia Mbelgiji. Hata Mwingereza alipoitawala Tanganyika, Wabelgiji waliachiwa eneo lao bandarini kwa mizigo ya Kongo. Kwa hiyo ghala mnaloambiwa ni la Mjerumani huenda likawa la Mbelgiji au Mwingereza, na hilo halilipunguzii chochote.

Ingieni ndani mtazame kenchi, yaani fremu zinazobeba paa. Zilizoungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zenye vichwa vya mviringo pande zote mbili, kwa kawaida ni za zamani kuliko zilizochomelewa. Sugueni vumbi ubavuni mwa boriti za chuma: mara nyingi jina la kiwanda limechomoza hapo. Kwenye reli huwa na mwaka pia. Lakini msidanganyike: reli iliyosimamishwa kama nguzo inawaambia tu kwamba nguzo hiyo haikujengwa kabla ya mwaka huo. Reli kuukuu zimetumika kujengea kila mahali.

Umri, hata hivyo, ni nusu ya jibu. Uzito wa ghala la Kigoma uko kwenye njia ya mzigo: behewa, jukwaa, mlango wa upande wa reli, sakafu, mlango wa upande wa ziwa, meli. Meli ya Liemba yenyewe ilipita njia hiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam na kisha kwa treni, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Basi pimeni jukwaa: likiwa na kimo cha kama mita 1 kutoka usawa wa reli, lilijengwa kulingana na sakafu ya behewa. Tafuteni vyuma vya milango ya kusukuma, mahali pa mzani, namba zilizopakwa ukutani. Mpangaji akiziba mlango wa upande wa reli ili apate ukuta wa rafu, ameharibu zaidi kuliko aliyebadilisha rangi ya jengo zima. Kabla ya kugusa kitu, pigeni picha kila ukuta, futi ikiwa imeegemezwa pembeni, na mchore ramani yenye vipimo.

SWALI: Ukuta wa matofali ya kuchoma ulipigwa lipu ya saruji. Sasa inabanduka chini na kutoa unga mweupe. Tuongeze saruji?
*Msomaji, Gungu*

JIBU: Hapana, saruji ndiyo chanzo. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu toka ardhini na kuutoa kupitia viungo vyake. Saruji huuziba, maji yanabaki nyuma yake, chumvi inaganda ndani ya tofali na kulimenya. Huo unga mweupe ni chumvi hiyo.

Bandueni lipu kwa tindo na nyundo ndogo, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Unga upanguseni kwa brashi kavu. Mkiosha kwa maji mnaurudisha ndani. Kisha tafuteni maji yanatoka wapi: mfereji wa paa uliotoboka, au udongo wa nje uliopanda kuliko sakafu. Uchimbeni ushuke sentimita 15 hadi 20 chini yake. Acheni ukuta ukauke kiangazi kizima. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu fundi anadai amalize kazi wiki hii.

Chokaa ya mfuko iloweshwe kwenye pipa, ifunikwe na maji, angalau siku moja. Wiki mbili ni bora. Hakikisheni ni ya ujenzi, maana chokaa ya kilimo haishiki. Changanyeni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wenye chenga kubwa na ndogo, uliooshwa. Ule laini wa ufukweni hutoa lipu dhaifu. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka la milimita 10, msizidishe. La pili lisubiri hadi kidole kisibonyee lakini ukucha uache alama. Tundikeni magunia mabichi wiki nzima, kwani chokaa hukomaa kwa hewa na unyevu. Ikikaushwa na jua inabaki vumbi. Fundi akitaka kutia “saruji kidogo ili ishike”, mzuieni.

SWALI: Sheria inalilinda ghala kama hilo?
*Msomaji, Ujiji*

JIBU: Si moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863, na hakuna ghala la reli la umri huo. Linahitaji kutangazwa na Waziri. Andikeni kwa Idara ya Mambo ya Kale kupitia Afisa Utamaduni wa Manispaa, mkiambatisha ramani, picha, namba ya kiwanja na maandishi ya mwenye mali. Kando ya ziwa, mwenye mali anaweza kuwa TRC (Shirika la Reli) au TPA (Mamlaka ya Bandari), hivyo muulizeni kabla ya kulipa kodi kwa mtu yeyote.

SWALI: Tubadilishe mabati yote?
*Msomaji, Kibirizi*

JIBU: Yaliyotoboka tu. Bati la zamani mara nyingi ni nene kuliko geji 30 mtakayouziwa. Ila mkikuta shiti za kijivu, nene, zinazovunjika kama kigae, zichukulieni kuwa asbesto: msikate, msitoboe, msifagie vumbi lake likiwa kavu.