Talaka ya ujumbe wa simu, watoto wawili na bati la fedha za mwani

SWALI: Assalamu alaykum wakili. Mimi nina watoto wawili, wa kiume miaka tisa na wa kike miaka minne. Nakaa wilaya ya Wete. Mume wangu ni fundi, kazi zake ziko Unguja, huja Pemba kila baada ya miezi miwili mitatu. Miezi mitano iliyopita aliniletea ujumbe wa simu: "Nimekuacha talaka moja." Hakupiga simu wala hakuja. Tangu siku hiyo hajaleta hata kilo ya mchele. Nikimkumbusha hunijibu kwamba watoto atawalisha wakiwa kwake. Sasa nimeposwa. Amesikia, na anasema siku nitakayoolewa ndiyo siku atakayokuja kuwachukua wote wawili. Nyumba tuliyokaa iko kwenye kiwanja cha baba yake, lakini bati na saruji ya sakafu ni fedha zangu za mwani. Nina haki gani?

JIBU: Waalaykumu ssalamu, dada yangu. Umeuliza mambo manne, na lile uliloliweka katikati kama la kupita tu ndilo ninalotaka kulianza, kwa sababu kila siku inayokwenda inakutia hasara. Nalo ni nafaka ya watoto, yaani matumizi yao ya chakula, nguo, matibabu na masomo.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoifuata visiwani, nafaka ya mke na nafaka ya mtoto hazina hukumu moja. Mume asipomlisha mkewe, kile alichokizuia hubaki shingoni mwake kuwa deni, hata miaka ipite. Ya mtoto sivyo. Siku ikipita baba hakutoa, nafaka ya siku hiyo nayo imepita, isipokuwa kadhi awe ameshamkatia baba kiwango, au amemruhusu mama akope kwa dhima ya baba. Ndiyo maana huwa naumia nikiona kina mama wanaingia ofisini baada ya mwaka mzima wa kusubiri, wakisema walikuwa wanaona haya kumshitaki baba wa watoto wao. Stara yako naiheshimu, dada. Lakini anayelipia ni mwanao. Fungua madai wiki hii, wala usingoje mambo ya posa na nyumba yakae sawa.

Na hilo neno la "nitawalisha wakiwa kwangu" halina msingi. Nafaka ni haki ya mtoto juu ya baba yake, popote mtoto anapolala. Wala si ujira wa ulezi kwamba anayewachukua ndiye anayewalipia. Baba mwenye uwezo hulisha, huvisha, hutibisha na husomesha, iwe mtoto yuko kwa mama, kwa bibi au kwa shangazi. Kadhi atakata kiwango kwa kutazama kipato cha baba na mahitaji ya watoto, kwa hiyo usiende ukasema tu "maisha magumu". Andika kwenye daftari: chakula cha wiki, sare na madaftari ya skuli, chuo cha Kur'ani, dawa, nauli. Andika pia kazi anazofanya Unguja unazozijua, na shehia anayokaa huko, kwani wito wa mahkama kwa kawaida humfikia mtu kupitia kwa sheha wake, yaani kiongozi wa serikali wa shehia hiyo.

Sasa talaka yenyewe. Wengi hudhani talaka ya simu ama imepita moja kwa moja, ama ni mchezo usio na maana. Yote mawili si sawa. Kwa Shafi, talaka ya maandishi huhesabiwa kuwa ni kinaya, yaani inategemea nia ya aliyeandika. Kadhi atamuuliza mumeo: ujumbe huu umeuandika wewe? Ulikusudia talaka? Akikiri yote mawili, talaka imepita, na eda yako, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, inahesabiwa tangu talaka yenyewe ilipopita, si tangu siku kadhi alipoiandika. Akikana nia, jambo hugeuka kabisa, kwani huenda bado ukawa mke wake. Ndiyo sababu nakuomba usikubali kuolewa kwa kuutegemea ujumbe uliomo ndani ya simu. Usiufute. Piga picha ya skrini yenye namba yake, tarehe na saa, na umwonyeshe ndugu yako mmoja mtu mzima ili awe shahidi.

Eda ya mwenye kuona damu ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi. Miezi mitano mara nyingi inatosha, lakini hesabu twahara zako mwenyewe, usihesabu kalenda. Talaka moja ni rejea, maana yake ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe kwa tamko, bila ndoa mpya na hata bila ridhaa yake. Ikishamalizika, mlango huo umefungwa, na akikutaka tena ni kwa posa na mahari mapya. Ikiwa atasimama mbele ya kadhi na kudai kwamba alikurejea akiwa Unguja na wewe hukujua, ni juu yake kuthibitisha kwamba aliyasema kabla eda haijesha. Na kwa kuwa ilikuwa talaka rejea, kipindi chote cha eda ulistahiki makazi, chakula na nguo. Hilo ni deni lako, lidai katika hati hiyo hiyo, pamoja na mahari kama kuna kiasi kilichobaki, na mutaa, kile kiliwazo cha mwanamke aliyeachwa.

Kuhusu watoto kuchukuliwa, mumeo ameshika nusu ya hukumu. Ni kweli kwamba mama akiolewa na mtu asiyekuwa na haki ya ulezi kwa mtoto, hadhana yake, yaani haki ya kumlea, huanguka. Nusu aliyoiacha ni kwamba hairuki moja kwa moja kwenda kwa baba. Kwa mtoto mdogo kama huyo wa miaka minne, anayefuata baada ya mama ni mama yake mama, kisha ndiyo baba. Kama mama yako yu hai, ana uwezo na yuko tayari, mwambie aje mahkamani aseme hivyo kwa kinywa chake. Mtoto akihamia kwa bibi yake nyumba ya pili, kwake yeye karibu hakuna kilichobadilika.

Huyo wa miaka tisa hali yake ni nyengine. Ameshafika umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida hukadiriwa miaka saba. Wazazi wote wawili wakistahiki ulezi, mtoto huyo huchagua. Vitabu vya fiq'hi vinasema wa kiume akimchagua mama, usiku hulala kwa mama na mchana huwa na baba ili amsomeshe na amfunze kazi. Akimchagua baba, hazuiwi kumzuru mama yake. Akibadilisha mawazo, husikilizwa tena. Ila ukishaolewa, chaguo lake linaweza kubishaniwa, na hilo ulijue kabla ya kumjibu aliyekuposa. Nakusihi usimfundishe la kusema. Nimeona watoto wakiulizwa na kadhi huku wakimtazama mama, kisha baba, kisha sakafu, na kadhi mzoefu hutambua mara moja maneno ya kukaririshwa.

Kuna hoja ambayo wakili wa upande wa pili anaweza kuileta, bora uisikie kwangu kwanza. Kwa Shafi, mzazi mmoja akisafiri kwa haja kisha akarudi, mtoto hubaki na mzazi aliyekaa. Lakini safari ikiwa ni ya kuhamia kabisa, baba ndiye anayetangulizwa, njia na huko anakokwenda kukiwa na amani. Mumeo huenda Unguja kwa kazi na kurudi, kwa hiyo hoja hiyo kwa sasa haimfai. Akisema amehama, mtake athibitishe. Na juu ya yote hayo ipo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 ya Zanzibar, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Baba ashindaye juu ya jengo kutwa nzima aulizwe: binti wa miaka minne atashinda na nani?

Nyumba. Usiyashike maelezo unayoyasikia kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971, hiyo ni ya Tanzania Bara, huku haitumiki. Kwetu, Sheria ya Mahkama ya Kadhi Na. 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, inampa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale mchango halisi unapothibitishwa. Kiwanja ni cha mkweo, hicho kiache. Unachodai ni thamani ya ulichokitia. Tafuta risiti za bati na saruji, fundi aliyeezeka, mwenzako wa mwani anayejua uliuza lini na fedha ulizipeleka wapi, na daftari la mnunuzi wa mwani kama atakubali kulitoa. Risiti zikikosekana, mashahidi wawili watatu wanaoeleza jambo moja kwa namna moja husaidia sana.

Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, simu yenye ujumbe na lile daftari. Pitia kwanza kwa sheha wako, kisha Mahkama ya Kadhi ya wilaya. Kama huna uwezo wa wakili, wasaidizi wa sheria wa wilaya watakuandikia madai, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi hapa Chake Chake. Usiporidhika na hukumu, kuna Kadhi wa Rufaa na baada yake Mahkama Kuu ya Zanzibar. Kesi iliyoanzia kwa kadhi haivuki kwenda Mahkama ya Rufani ya Tanzania.

Na huyo aliyekuposa, mwambie asubiri mpaka uwe na karatasi ya talaka mkononi yenye tarehe. Mpe na habari za watoto, ajue kama bibi yao ndiye atakayewalea au la.