Machozi ya nani? Majibu kwa wapenzi wa albamu

*Shikamoo mzee. Nilimwomba kijana wa Mwanga, hapa Kigoma, aniwekee albamu ya Machozi kwenye flashi. Kufika nayo Ujiji, nakuta dada anaimba. Mimi nilitaka ile yenye "Ndio Mzee". Nimeibiwa?*

Marahaba. Hujaibiwa, umepewa ulichotaja. *Machozi* ni ya Lady Jaydee, albamu yake ya kwanza. Wewe unaitafuta *Machozi Jasho na Damu* ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ndimo alimo yule mwanasiasa anayemwaga ahadi na wananchi wanaitikia ndio mzee. Zilitoka karibu wakati mmoja, na mimi mwenyewe zilinichanganya nilipokuwa nauza kanda. Kava zilikuwa zikipauka kwa jua, basi nikabandika vipande vya karatasi ubavuni mwa makasha na kuandika MACHOZI kwa kalamu ya wino, basi. Mteja mmoja akachukua yake asubuhi, akapanda boti Kibirizi kurudi Mwamgongo. Siku ya tatu akarudi, kanda kaifunga kwenye pindo la khanga, nauli kapoteza kwa sababu yangu. Nilimbadilishia na nauli nikamrudishia, na tangu siku hiyo naandika jina la msanii kwanza. Nawe mtajie kijana msanii, halafu wimbo mmoja unaoujua.

*Kaka, hapa kijiweni Isevya, Tabora, tunabishana: The Black Album ni ya Jay-Z au ya Metallica?*

Wote mko sawa, na kuna wa tatu. Ya Jay-Z ni ya 2003 na ndilo jina lake rasmi. Ya Metallica, ya 1991, rasmi inaitwa *Metallica* tu. Weusi wa kava ndio uliowafanya watu waibatize. Prince naye alikuwa na yake tayari mwaka 1987, akaizuia ikikaribia kuingia sokoni, nakala zikawa zinapita mikononi kwa siri hadi ilipotoka rasmi 1994.

Ila kisa kinachonivutia zaidi kinaanzia 1968. The Beatles walitoa albamu yenye kava jeupe pe, jina la bendi limebonyezwa tu kwenye karatasi, ukipapasa ndipo unalisikia kwa kidole, na nakala za mwanzo zikapigwa namba moja moja. Watu wakaiita White Album. Mwaka 2004 Danger Mouse, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, akachukua sauti ya Jay-Z kwenye ile nyeusi, akaipandisha juu ya muziki wa ile nyeupe, akaiita *The Grey Album*, yaani ya kijivu. Kampuni yenye haki za rekodi za Beatles ikamtaka aache kuisambaza. Angalieni hapo: ugomvi ulikuwa juu ya muziki, jina halikumsumbua mtu.

*Let It Be si ya Beatles? Nimeona ya watu wengine.*

Ya Beatles ni ya 1970. Hiyo nyingine ni ya The Replacements, bendi ya Minneapolis, Marekani, 1984, nao walilichukua jina kwa makusudi. Isikilize, ni nzuri kweli.

*Shikamoo baba. Nipo Katubuka, albamu yangu nimeiita "Machozi ya Tanganyika". Wenzangu wanasema nitashtakiwa.*

Marahaba mwanangu, hongera. Neno machozi halina mwenyewe. Hata ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasema wazi kwamba jina tupu la kazi halilindwi na hakimiliki. Hapa nyumbani, nyimbo zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na suala la jina waulize hukohuko kabla hujachapisha kava.

Hofu yangu mimi ni simu. Mtu akiandika Machozi, Jaydee atatangulia. Akiongeza Tanganyika, ataletewa historia ya uhuru kabla ya ziwa letu. Kumbuka mwaka 2012 Kigoma All Stars walipoimba "Leka Dutigite": jina ni Kiha kitupu, na mpaka leo ukiliandika unawapata wao. Kaa na bibi yako jioni moja, umuulize machozi ya furaha anayaitaje kwa Kiha.