Uliza Fundi: Tairi la Bullet ya zamani

SWALI: Nina pikipiki ya Royal Enfield Bullet 350 ya zamani, rimu za spoki, inchi 19 mbele na nyuma. Matairi yamekuwa vipara. Dukani wananiambia nichukue 100/90-19 ya kisasa na nitoe tyubu, nipumzike na pancha. Nikubali?
Msomaji, Moshi

JIBU: Tyubu usitoe. Kila spoki imepita kwenye tundu lake na upepo utavujia humo humo. Hata ukiyaziba matundu, rimu hizo hazina tuta la ndani la kushikilia ukingo wa tairi, kwa hiyo upepo ukipungua ukingo unatumbukia katikati ya rimu na usukani unakuponyoka. Tairi lenye alama ya TL (tubeless, lisilohitaji tyubu) unaweza kulifunga na tyubu, ikiwa mtengenezaji wake anaruhusu.

Sasa kipimo. Bullet yako ilitoka na 3.25-19, upana wa milimita 82 na ushei. Tazama rimu: ikiwa imegongwa WM2, upana wake wa ndani ni inchi 1.85. Kwa vipimo vya kisasa, la karibu ni 90/90-19, yaani upana wa milimita 90. Matairi mengi ya 100/90 yanataka rimu ya kuanzia inchi 2.15. Ukililazimisha kwenye 1.85, mbavu zinabanwa, mgongo unatoka nundu, tairi linalika katikati tu, na kwenye kona pikipiki inalala ghafla kuliko ulivyotaka. Nyuma huenda likakwaruza kava la mnyororo.

Inchi 19 hazinunuliwi kama za bodaboda, kwa hiyo nyingi zimelala stoo. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka mitano, liache hata kama linang'aa.

Mbele, tairi la mifereji ya kuzunguka linapendeza kwa picha. Kwenye vumbi na kokoto, sisi tungefunga kashata fupi, yaani tairi la meno ya vipande vifupi, magurudumu yote mawili.

Siku ya kufunga, nunua tyubu mpya ya kipimo hicho hicho na utepe mpya wa rimu. Pitisha kidole ndani ya rimu: ncha ya spoki iliyochomoza, hata milimita moja, itatoboa tyubu, basi ipige tupa kwanza. Gonga spoki moja moja kwa spana. Inayolia butu imelegea. Jaza tyubu upepo kidogo ikae duara, ipake poda, na umalizie ukingo upande wa vali huku ule wa mkabala umeushusha kwenye bonde la rimu. Pancha nyingi za tairi jipya ni tyubu iliyobanwa na chuma cha kufungia.

Anza na psi 20 mbele na 28 nyuma, 32 ukipakia abiria. Nati ya vali usiikaze kwenye rimu. Ipandishe hadi kwenye kifuniko. Vali ikianza kulala upande, tairi linazunguka juu ya rimu na kuivuta tyubu: ongeza upepo na uipange upya kabla haijang'oka shinani.