Macbeth na huo uume mnaompa

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunasoma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ya jemadari anayemuua mfalme Duncan ili atawale, tumebishana sana, kilichomponza ni ari au tamaa? Mi nasema ari, maana mkewe ndo alikua anamchokonoa kuhusu uume wake.

Jibu: Marahaba. Ari na tamaa ntarudi, ngoja kwanza nitoe dukuduku. Uume wake? Mwanangu, uume uko ndani ya suruali, we unaongelea uanaume! Yule mama hakumvua mtu nguo, alimwambia tu ulipothubutu ndo ulikua mwanaume, sasa umenywea. Kila mwaka nasahihisha insha za tamthilia hii na kila mwaka nakutana na "Macbeth anatetea uume wake mbele ya mkewe", mwingine "uume wa Macbeth unasinyaa akiona mzimu wa Banquo" (yule rafiki yake aliyeagiza auawe), yani kaandika kwa uchungu wote, huku mi kalamu nyekundu inanidondoka, na wa juzi kanimaliza kabisa, eti Macduff, yule anayemuua Macbeth mwishoni, ndo mwenye uume mkubwa kuliko wote maana alilia. Sasa hapo nisahihishe nini jamani.

Najua, kamusi zinatoa uume pia kwa maana ya hali ya kuwa mwanamume, na shina -ume ni la Kibantu toka enzi, ndo limezaa mume na dume. Sawa, ila neno likishahamia hospitali halirudi darasani. Na tamthilia yenyewe inabishania hilohilo: Macbeth anamjibu mkewe nathubutu yote yanayomfaa mwanaume, anayepitiliza hapo si mwanaume. Huko mbele Macduff anapewa habari mkewe na watoto wamechinjwa, anaambiwa jikaze kiume, anasema ntajikaza, ila lazima niumie kiume pia. Weka uume hapo uone.

Haya, ari. Kiarabu hiyo, na asili yake ni aibu, ndo maana ukimtia mtu ari unamchoma mpaka ainuke. Kwa hiyo mama alimtia ari, hapo umepatia. Ila kabla mkewe hajaingia Macbeth alishakiri peke yake kwamba hana kinachomsukuma amuue Duncan ila tamaa, ile ya kuruka ukapitiliza ukaangukia upande wa pili. Ni tamaa basi, na kwa vile ni kiti cha mfalme mi ningeandika uchu wa madaraka, neno tunalolijua vizuri tu.

Mwanaume au mwanamume? Zamani ningekugombeza, siku hizi andika lolote, wingi wote ni wanaume.