Mumeo hana wivu, ana msiba

"Shikamoo Shangazi. Nimeolewa, na najitolea katika kituo cha kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Baada ya mtoto wetu kufia tumboni niliacha kusali kabisa. Huko kituoni nimekutana na bibi mmoja mjane, mgonjwa, na sijui nieleze vipi: amenirudishia imani. Nikitoka kwake najiona mwepesi. Tatizo ni mume wangu. Ananuna kila nikienda, na juzi alisema, 'Hayo unayomwambia huyo bibi, mimi sijawahi kuyasikia.' Ni wivu tu, na nahisi shetani anamtumia kunirudisha nyuma. Nimpuuze, au nipunguze kwenda?" (Barua imefupishwa.)

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mtoto. Pole hiyo ipokee yote sasa hivi, maana kuanzia hapa sitakubembeleza.

Barua yako nzima nimeisoma mara mbili. Bibi wa watu amejaa humo tele: kicheko chake, miwani aliyoifunga kwa uzi, zaburi anayotaka asomewe kila ukifika kwa kuwa macho yamechoka. Mumeo? Sijui hata anafanya kazi gani. Anajitokeza mwishoni, kanuna. Msema pweke hakosi, lakini umeniachia upenyo, nami nimechungulia.

Umeandika "mtoto wetu". Sentensi inayofuata ni mimi, mimi, mimi: nililia, sikulala, niliacha kusali. Yeye siku hizo alikuwa wapi? Nani alisimama na daktari? Nani aliwapigia ndugu simu? Jambo moja umelitaja mwenyewe, tena kwa lawama: kwamba ulipotoka hospitali ulikuta vinguo vyote vya mtoto vimeondolewa kabatini, na hukuulizwa. Ni kweli, angekuuliza. Lakini mwanamume aliyekaa peke yake akakunja vinguo ambavyo havikuvaliwa hata kimoja, huyo mimi siwezi kumwita asiyejali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Wako umeupima vizuri, wa mwenzio hujaunyanyua hata siku moja.

Na wivu gani huo unaousema? Mwenye wivu huuliza ulikuwa na nani. Mumeo anauliza kwa nini hukumwambia yeye. Shetani naye mwacheni apumzike, mnamsingizia mengi.

Sasa usinielewe vibaya, urafiki wenu siudharau hata kidogo. Watu hudhani imani huletwa na wenye furaha. Naomi wa kwenye Biblia alikuwa amezika mume na wana wawili, akataka aitwe Mara kwa uchungu aliokuwa nao, na ni huyo huyo ambaye mkwewe Ruthu alimwambia, "Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Bibi yako naye hakukuhubiria. Alikwambia tu kwamba alimkasirikia Mungu miaka mingi na hakufukuzwa. Neno kama hilo hulipati kwa mtu ambaye hajazika.

Ila endelea kusoma kitabu hicho cha Ruthu hadi sura ya tatu. Naomi hakumkalia Ruthu, alihangaika apate kwake. Na bibi yako kafanya vivyo hivyo! Umeandika kwamba aliwahi kukwambia, "Siku moja mlete mwenzio nimwone," ukabadili mazungumzo. Kwa nini? Nikwambie mimi: kwa sababu kule unasikiliza, unafarijiwa, zamu inaisha unaondoka. Nyumbani hakuna zamu.

Hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi, mke ana kundi lake kwenye simu, mume ana wenzake kazini, wote wanamwaga ya moyoni huko nje, nyumbani yanabaki ada ya shule na bili ya umeme. Mtu anasikia habari za mwenzake kama jirani. Halafu Jumapili wanakaa benchi moja wamependeza! Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, nasi tunaposoma hapo tunafikiria hela tu, kana kwamba mtu hatunzwi kwa kuambiwa yaliyo moyoni.

Kuna jingine ulilolizunguka barua nzima. Bibi huyu atafariki. Ndiyo maana yuko pale. Imani yako ikiwa imeegemea kitanda chake peke yake, siku hiyo itaanguka nawe. Cicely Saunders wa Uingereza alifanya urafiki na mgonjwa wa saratani, David Tasma, aliyefariki mwaka 1948 akamwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders alitamani kuwajengea wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1967 nyumba hiyo ilifunguliwa London, St Christopher's Hospice. Alichopewa kitandani kwa mtu mmoja hakukifungia, wengine wakaingia. Wewe hujaombwa kujenga hospisi. Umeombwa na mumeo umwambie ulichosikia.

Kwa hiyo usipunguze kwenda, na usimpuuze. Leo, mkishakula, mwambie alichokwambia bibi, neno kwa neno. Usianze na "tuna mazungumzo", atadhani kesi. Kisha muulize vile vinguo aliviweka wapi, na umwache ajibu kwa muda wake. Akinyamaza, usijaze kimya hicho na mahubiri. Akilia, usimwambie ajikaze.

Halafu mpeleke akamwone bibi, na usingoje likizo yake, maana hali ya mgonjwa haitangoja. Kabla ya hapo ongea na msimamizi wa kituo, kwanza akupe ruhusa ya kumleta mgeni, pili ajue wewe mwenyewe una msiba mbichi. Nina hakika hilo nalo hukumwambia.