Jibu: Nimestaafu ufundi mitambo, ninunue kamera gani ya picha za asili?

Shikamoo kaka. Umeuliza ununue kamera gani ndipo uanze. Usinunue kwanza, anza na simu uliyo nayo. Mimi nimetokea kwenye ufundi umeme, na jicho lililozoea kusaka hitilafu ndogo huona mengi porini.

Kwa kuwa uko Mbeya, panda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inayoitwa Bustani ya Mungu. Maua hushamiri kati ya Desemba na Aprili. Ni msimu wa mvua, na njia ya kupandia kutoka Chimala ina kona kali, kwa hiyo tafuta gari la juu. Wahi asubuhi kabla ya upepo. Huko kwenye mita 2,600 ua likianza kutikisika hupati kitu. Lala kifudifudi, simu iwe usawa wa ua. Utaona madoa ndani ya okidi na umande ulioning'inia ukingoni, vitu usivyoviona ukiwa umesimama. Mawingu yasikukatishe tamaa, rangi ndiyo hukolea.

Tafadhali angalia unapokanyaga. Okidi hizi tayari zinaandamwa na wachimbaji wanaouza viazi vyake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, inauma sana. Kamera utachagua ukishajua unapenda maua au ndege, maana lenzi zake ni tofauti kabisa.